Muundi wa Kushoto

Jumatatu, 30 Septemba. Mtua

Nimefika saa tisa alasiri, mimi na sumaku yangu, na hakuna kati yetu aliyevunjika. Naandika hivyo kwa sababu wenzangu wa maabara kule Dar walicheka, wakasema barabara za kwetu zitaitikisa mashine mpaka isahau kazi. Thubutu! Nimeipakata kutoka Nachingwea mjini, kilo kumi na mbili, mapaja yamekufa ganzi, lakini nilipoiwasha iliitika mara ya kwanza. Mimi Raudha nikisema kitu kitafanya kazi, kinafanya kazi.

Mama mkubwa Ashura nimemkuta anafagia chini ya mikorosho yake, anatayarisha msimu. Huyu ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka minne. Alinyanyuka kunipokea kwa awamu mbili, kwanza kiuno, halafu mgongo. Nililiona hilo. Mwaka jana aliteleza kisimani akavunjika mkono, kuteleza kwa kawaida tu, ambako mwingine angejipangusa na kwenda zake. Kwenye barua ya chuo nimeandika kwamba nakuja kupima mifupa ya wakulima na wafugaji. Kwenye daftari hili naandika ukweli: nimekuja kuipima ya kwake.

"Ndiyo hiyo inayoona mifupa?" akauliza, anaizunguka.

"Haioni, Mama mkubwa. Inasikiliza."

"Basi itasikia. Yangu inalia toka alfajiri."

Jumanne, 1 Oktoba

Tabibu Ildefonsi, mkuu wa zahanati, amenipa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Ni mtu wa maneno machache. Aliwaita watu, nikawaeleza hivi: mfupa si jiwe. Una vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano, na ndani ya vitundu mna maji. Sumaku inayapanga yale maji, redio ndogo inayachokoza, nayo yanaitika. Maji ya kitundu kidogo yananyamaza haraka, ya kitundu kikubwa yanachelewa. Nikisikiliza yanavyonyamaza najua mfupa umetoboka kiasi gani, na aliyetoboka sana ndiye atakayevunjika. Hakuna sindano, hakuna damu. Unaweka muundi wa kushoto, huu mfupa wa mbele ya mguu, juu ya sumaku dakika nane, unaondoka zako.

Nilijiona nimeeleza vizuri sana. Bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Na uboho inaunyonyea wapi?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea.

Jumatano, 2 Oktoba

Hakuna aliyekuja. Joto.

Alhamisi, 3 Oktoba. Likunja

Kila Alhamisi na Ijumaa nitakuwa huku Ruangwa, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mama mkubwa alinionya nisile kwao. Msimu uliopita ng'ombe waliingia shambani kwake wakala mabibo na kukanyaga korosho, na tangu hapo kwake kila Msukuma ni yule yule mwenye ng'ombe wale. Nami sikuja na moyo mweupe, nakiri.

Huku foleni ilikuwa imeshapangwa. Aliyeipanga ni Shilinde, mrefu, ana sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. "Dada, mifugo yetu inapimwa kila siku. Na sisi tupimwe kidogo." Akanipa mfupa wa mguu wa dume la ng'ombe. Nimekata kipande nikakiloweka ndani ya chupa ya maji ya chumvi. Matundu yake nimeyajua kwa kukipima kikavu na kibichi kwenye mizani: asilimia kumi na moja. Kuanzia leo kila asubuhi nitapima kipande hiki kwanza. Kikisema kumi na moja, mashine haijalewa.

Jumatatu, 7 Oktoba. Mtua

Siku ya furaha! Saa mbili kamili Mama mkubwa ametokea zahanati amevaa gauni la Idi, nyuma yake wanawake kumi na mmoja. Sijui aliwaambia nini. Alikaa wa kwanza, akavuta gauni, akaweka mguu wa kushoto juu ya sumaku kama mtu anayeweka mzigo kaunta. Kipande cha ng'ombe kilishasema kumi na moja. Dakika nane.

Asilimia tano.

Nilirudia. Tano. Mwanamke wa miaka sitini na nne, mfupa wa msichana. Niliruka, nikalitangaza mbele ya wote, nao wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia asiiname msimu huu, tutafute vibarua waokote. Mzigo huo umenitoka kifuani.

"Basi nitaokota mwenyewe," akasema. "Magunia yangu nitayabeba mwenyewe."

"Okota, Mama mkubwa. Beba."

Wale wengine nao wote ni kati ya nne na saba. Yule bibi wa uboho ana tano na nusu, na ana chale mpya mguuni, lakini nani kwetu hana chale? Nimekua nikiziona kila mahali, hata sizioni tena.

Jumanne, 8 Oktoba

Kumi na wanne. Wote wazuri. Uso wa sumaku una vumbi jeusi, nimeufuta kwa kitambaa.

Alhamisi, 10 Oktoba. Likunja

Huku mambo ni mchanganyiko. Vijana saba, nane. Wazee kumi na tano, kumi na sita. Ndivyo vitabu vinavyosema iwe.

Jumatano, 16 Oktoba. Mtua

Korosho zimeanza kuanguka kwa wingi. Vumbi jeusi tena. Ni barabara hii.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimempigia Profesa, msimamizi wangu wa chuo, nikamwambia nimegundua jambo: wakulima wetu wana mifupa imara kuliko wanywa maziwa. Nimeshapanga na sababu, kisamvu, dagaa, kuinama toka utotoni. Nilikuwa nasikia kichwa cha makala yangu kinajiandika chenyewe.

"Hongera," akasema. "Wote? Hata wazee?"

"Hata wazee."

"Hakuna kijiji ambacho wazee wote ni wazima, Raudha. Rudia."

Nimeudhika. Mtu yuko ofisini na feni juu ya kichwa, ananiambia mimi nirudie. Nitarudia wiki ijayo nikipata nafasi.

Ijumaa, 25 Oktoba. Likunja

Nimekula kwa Shilinde. Michembe, viazi vya kukaushwa, na maziwa mgando. Mama mkubwa asijue.

Jumatatu, 4 Novemba. Mtua

Mama mkubwa ameshajaza magunia sita peke yake. Anawatania majirani waliochukua vibarua: "Mimi nimepimwa!" Jioni anakula ameegemea ukuta, zamani alikuwa anakaa katikati ya mkeka. Gauni lake la shamba limekuwa refu, linaburuta kwenye vumbi. Nikamwambia alitie pindo, litamwangusha. Akasema nguo za siku hizi zinavutika.

Jumanne, 5 Novemba

Vumbi jeusi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mawingu upande wa Ruangwa. Mvua ikizikuta korosho chini zinapata madoa na kushuka daraja, kwa hiyo kijiji kizima kimeinama. Zahanati wamekuja wawili tu. Mama mkubwa ametoka kabla sijaamka, kanirudishia mlango taratibu.

Alhamisi, 14 Novemba. Likunja

Naandika yote, kwa mpangilio, nisijidanganye tena.

Asubuhi nimempima mama yake Shilinde. Asilimia kumi na nane. Nikamweleza Shilinde kwa upole kwamba mama asibebe maji wala kuni. Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, si kwa ugomvi, "Wa Mtua wana ngapi?" Nikamwambia, tena kwa kujivuna, Mungu anisamehe: tano, sita.

"Wa umri wa mama?"

"Wa umri wa mama."

Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa changu cha kufutia sumaku, nilichotoka nacho Mtua. Akakichukua, akakikung'uta kwenye kiganja, akaisogeza sumaku ndogo ya kufungia mfuko wangu wa simu. Lile vumbi likasimama wima kama nywele.

"Dada, hili si vumbi la barabara," akasema. "Nilichimba Namungo miaka miwili kabla sijarudi kwenye ng'ombe. Huu ni mchanga mweusi. Unabaki kwenye beseni pamoja na dhahabu, tunautoa kwa sumaku ya spika. Unatoka wapi mguuni kwa watu?"

Nilikaa chini palepale. Chembe za namna hiyo zikiwa karibu na mfupa zinavuruga sumaku yangu, na maji yananyamaza kabla ya wakati wake, hata kama yako kwenye tundu la kuingia nyuki. Mfupa uliotoboka unasomeka mzima. Kipande cha ng'ombe kilikuwa sahihi kila asubuhi. Mashine haikukosea hata siku moja. Mimi ndiye niliyeangalia chale mpya kwenye miguu ya watu sitini na kitu, zote kushoto, zote mahali pamoja, na sikuziona kwa sababu ni za kwetu. Mgeni yeyote angeuliza siku ya kwanza.

Halafu nikakumbuka gauni linaloburuta. Nguo haivutiki. Ni yeye anayefupika.

Nikapiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena na tena. Pikipiki ya Shilinde imeharibika, imeenda kwa fundi, tutaondoka alfajiri. Nimemwambia yote mtu huyu ambaye mama yake nimetoka kumsikitisha, na yeye ndiye anayenichemshia chai.

Ijumaa, 15 Novemba. Mtua

Tumefika saa tatu, mvua inanukia. Nyumbani hayupo. Jirani akasema Mama mkubwa yuko shambani, na nilipouliza habari za chale akasema amechanja mganga Adinani, nyumba ya pale njiani kwenda huko huko. Tukapita.

Tumemkuta anaziba pancha ya baiskeli. Nilikuwa na maneno makali mdomoni, hata shikamoo niliitoa nusu.

"Mzee Adinani, umewapaka watu nini miguuni?"

"Mchanga wa Namungo," akajibu bila kuficha. "Mpwa wangu huniletea. Watu waliogopa mashine itanyonya uboho. Wewe mwenyewe ulisema ni sumaku. Sasa sumaku inapenda nini? Nikaiwekea chakula chake mlangoni, ishibe, isiingie ndani." Akanitazama. "Kuna aliyenyonywa?"

"Hakuna."

"Basi dawa imefanya kazi."

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Kati ya wote walionisikiliza siku ile, huyu mzee ndiye aliyesikiliza vizuri kuliko wote. Nikamweleza dawa yake imefanya nini hasa. Alipoelewa, aliweka pampu chini. Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, sitini na watatu, bila karatasi. "Wote kushoto. Si ulisema kushoto? Kulia sijamgusa mtu."

"Nani alianza?"

"Ashura. Alikuja ile Jumapili jioni, kesho yake ukampima. Akasema, mwanangu ameleta kazi yake na watu wanamkimbia. Nichanje mimi kwanza, wakiniona watakuja."

Sikusubiri amalize. Nilikimbia.

Alikuwa ameketi chini pembeni ya gunia lililojaa nusu, miguu kaitandaza mbele, mikono imeshika ardhi huku na huku. Korosho zimemzunguka. Hakuwa analia. Alikuwa anaokota zile ambazo mkono ulizifikia.

"Mama mkubwa, nyanyuka."

"Nipumzike kidogo."

"Toka saa ngapi umepumzika?"

"Toka saa moja."

"Mgongo ulianza lini?"

Akafikiri kama atanidanganya. "Wiki tatu. Nilibeba gunia, kitu kikalia nyuma, ka! Kama kijiti."

"Wiki tatu! Na mimi niko nyumba hiyo hiyo! Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" Alikasirika yeye, si mimi. "Mashine yako ilitangaza mbele za watu mfupa wangu ni wa msichana. Leo nianze kulia mgongo, wanawake wote waseme mashine ya Raudha inadanganya? Nimekusomesha ili uje uchekwe hapa?"

Hapo nililia, kwa sauti, kama siku niliyoletwa kwake. Nilimwambia ndiyo, ilidanganya, na aliyeiruhusu idanganye ni mimi, nilifurahia namba nikaacha kumtazama mtu. Akanipangusa uso kwa mkono wenye vumbi na utomvu wa mabibo.

Adinani alifika na miti miwili na shuka. Wakamlaza, Adinani mbele, Shilinde nyuma, mganga na mfugaji, hatua kwa hatua mpaka zahanati. Njiani Mama mkubwa akamtazama Shilinde kwa chini chini, akauliza, "Wewe ng'ombe umewaacha wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Wamefungwa?"

"Wamefungwa, mama."

"Haya."

Jumamosi, 16 Novemba

Tabibu Ildefonsi ametupeleka mjini kwa gari la wagonjwa. Picha ya eksirei: pingili moja ya mgongo imebonyea. Mishipa ya fahamu haijaguswa. Ameandikiwa dawa na kulazwa wiki moja, kisha nyumbani bila kuinama, bila kubeba. Daktari anasema atatembea. Nimemuuliza mara tatu, na mara ya tatu alitabasamu.

Jumapili, 17 Novemba

Shilinde amekuja na watu tisa wa kwao kwa lori la mizigo. Wameokota shamba zima kabla ya saa kumi. Saa kumi na moja mvua.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimempigia Profesa, nimesema yote. Akasema tunaweza kufuta matokeo ya Mtua kimya kimya, hakuna atakayejua. Nikamwambia hapana. Nitayaacha, na pembeni ya kila moja nitaandika sababu, halafu nitapima mguu wa kulia wa mtu yule yule. Namba mbili za mtu mmoja, mguu wenye mchanga na usio na mchanga. Hakuna maabara yenye kitu kama hicho. Sauti yangu ilikuwa imara, na nilimaanisha.

"Watakubali kurudi?" akauliza.

Jumatatu, 25 Novemba

Hawakubali. Nimepita nyumba ishirini na mbili. Wanasema kwa adabu, karibu chai, lakini mguu hawatoi. Wengine wanaona haya kwa ajili ya ile dawa. Wengine wanaogopa: walipewa habari njema, sasa nakuja kuwanyang'anya. Nawaelewa. Nimeendelea kupita.

Jumatano, 27 Novemba

Adinani amepita nyumba zile zile, anawaambia dawa yake ilikosea mlango. Mzee huyu nilimdharau bure. Mvua.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Kipande cha ng'ombe: kumi na moja. Watu: sifuri.

Jumanne, 10 Desemba

Leo Mama mkubwa ametimiza wiki mbili na ushee tangu atoke hospitali. Nimempikia uji, nikaondoka kwenda zahanati kukaa na sumaku yangu. Saa nne nikasikia kelele nje. Alikuwa anakuja kwa miguu, polepole, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kwa yule bibi wa uboho, na nyuma yao wanawake wale wale wa siku ya kwanza, waliokuja kumwangalia kama ataanguka. Amevaa gauni la Idi. Amelitia pindo.

"Mama mkubwa, umekatazwa..."

"Nimekatazwa kuinama. Nimeinama?"

Nikamsaidia kukaa. Akaweka mguu wa kulia juu ya sumaku, akageukia mlangoni walikosimama wenzake. "Huu haujachanjwa. Tazameni. Haujapakwa kitu." Dakika nane.

Namba ilitokea. Niliizuia kwa kiganja, sijui kwa nini, kama vile ningeweza kuirudisha.

"Sema."

"Nitakuambia nyumbani."

"Ile nzuri uliisema mbele za watu. Na hii iseme mbele za watu."

"Ishirini na mbili," nikasema. "Umetoboka, Mama mkubwa. Ndiyo maana ulivunjika mkono, ndiyo maana mgongo. Kuna dawa, na umeshaianza, lakini mfupa wako ni ishirini na mbili."

Wanawake wakaguna. Yeye aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jina la mgeni ambaye alishamwona akija kwa mbali.

"Ndivyo nilivyokuwa nasikia," akasema. "Andika hiyo hiyo."

Nikaandika. Nilipoinua uso, yule bibi wa uboho alikuwa ameshakaa kitini, anakunja gauni mguu wa kulia.